Uvimbe ukiyeyuka, je, saratani imekwisha? Maisha ya Dk Burkitt yana jibu

Wazazi waliowahi kumuuguza mtoto mwenye saratani wanaijua siku hii. Taya lililokuwa limevimba limerudi kuwa la kawaida. Mtoto anakula ugali, anacheza na wenzake wodini na ameanza kuulizia shule. Daktari ameangalia picha na majibu ya damu, amekueleza kuwa hakuna uvimbe unaoonekana. Unamshukuru Mungu. Kisha, badala ya kukuruhusu urudi nyumbani moja kwa moja, anakupangia dripu nyingine na tarehe ya kliniki.

Swali linakuja lenyewe: kama vipimo ni safi, dawa ni ya nini tena?

Kwa mzazi aliyetoka Ugalla swali hilo lina uzito wake. Kutoka vijiji vya bonde la mto Ugalla hadi Mpanda mjini ni safari. Kutoka Mpanda kwa treni au basi hadi Tabora, kisha Mwanza katika Hospitali ya Bugando au Dar es Salaam katika Hospitali ya Muhimbili, ni safari nyingine. Nyumbani kumebaki shamba, mifugo na watoto wengine. Ng'ombe mmoja ameshauzwa, wa pili anatafutiwa mteja. Ndiyo maana wapo wazazi wanaomchukua mtoto aliyepona machoni wakaondoka naye, na baadhi yao hurudi baada ya wiki chache uvimbe ukiwa umeota tena, safari hii ukiwa mgumu zaidi kutibika.

Leo nakualika tulijibu swali hilo kwa kufuata maisha ya daktari mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, lakini jina lake bado linaandikwa kwenye mafaili ya watoto wetu. Ni Dk Denis Burkitt. Ugonjwa unaobeba jina lake, limfoma ya Burkitt, ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana watoto wa Afrika Mashariki.

Kijana wa jicho moja

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa wilaya. Muda wake wa mapumziko aliutumia kuwafuatilia ndege wadogo wa bustanini: aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila ndege. Mtoto alikua akiona jinsi ramani inavyoweza kumfundisha mtu jambo ambalo jicho peke yake halilioni.

Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto lilivunja miwani yake na kumpotezea jicho moja. Aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu upasuaji Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliingia jeshini kama daktari, na jeshi ndilo lililomleta Kenya na Somalia. Mwaka 1946 hatimaye alikubaliwa katika utumishi wa kikoloni, akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mtoto wa Mulago na mtoto wa Jinja

Mwaka 1957, Dk Hugh Trowell, bingwa wa magonjwa ya ndani pale Mulago, alimwita Burkitt amwangalie mtoto mdogo wa kiume. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Jino bovu halivimbishi hivyo, na saratani ya mfupa huwa haianzi pande nne kwa pamoja. Burkitt hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa macho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine na mama yake, uso umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumwangalia. Alipompapasa tumbo, alikuta na huko kuna uvimbe.

Aliporudi Kampala alifukua mafaili ya zamani na ripoti za uchunguzi wa maiti. Akabaini kwamba watoto waliokuwa wakigawanywa kwa majina tofauti, huyu ana uvimbe wa taya, yule wa figo, yule wa ini, yule wa ovari, wengi wao walikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha ripoti kuhusu watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wakati huo wachache waliijali.

Hapa kuna funzo la kwanza kwako, mzazi. Kinachoonekana usoni si ugonjwa wote. Aliyetazama taya peke yake angeandika kwamba uvimbe uko tayani tu, wakati tumboni mambo yalikuwa yameshaharibika. Kipimo chochote hujibu swali la mahali kilipoelekezwa. Mahali ambapo hakikuelekezwa, hakina la kusema.

Safari ndefu na ramani ya ugonjwa

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki 10 walisafiri takribani kilomita 16,000 wakipita Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika Kusini. Walisimama katika hospitali zaidi ya 50, za serikali na za misheni. Kila walipofika walitoa picha za watoto wenye uvimbe wa taya na kuwauliza madaktari na wauguzi kama wamewahi kuona mtoto wa namna hiyo.

Majibu yalitiwa kwenye ramani. Ugonjwa ulionekana kukaa katika mkanda wa Afrika wenye joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulizidi kushuka. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria kali. Bonde la mto Ugalla, lenye mwinuko wa mita elfu moja na ushee, joto, mvua na mbu wake, limo ndani ya mazingira ya aina hiyo. Kwa hiyo hiki si kisa cha Waganda peke yao.

Sehemu ya pili ya jibu ilipatikana London. Mwaka huohuo wa 1961, mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akitoa mhadhara, akaomba sampuli za uvimbe. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, waliona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Karibu kila mmoja wetu ameshavipata, wengi tangu utotoni, bila madhara makubwa. Kwa watoto wachache, virusi hivyo pamoja na malaria ya mara kwa mara inayovuruga kinga ya mwili huandaa njia ya saratani. Saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja na ndugu zake.

Dawa iliyoyeyusha uvimbe

Burkitt alikuwa mtu wa kisu, lakini kwa ugonjwa huu kisu hakikufua dafu. Uvimbe ulikuwa mkubwa mno na ulikuwa sehemu nyingi. Mashine ya mionzi haikuwepo Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aligeukia dawa za saratani ambazo wakati huo zilikuwa mpya, akisaidiwa na wataalamu wa nje, akiwemo Dk Joseph Burchenal wa New York. Dawa hizo ni methotrekseti, saiklofosfamaidi na vinkristini. Ukisoma kadi ya mtoto wako leo, huenda ukazikuta zote tatu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Uvimbe uliokuwa umefumba jicho la mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache, mara nyingine baada ya dozi moja tu.

Sasa fuatilia hapa kwa makini. Watoto waliotoka wodini wakiwa wazima machoni hawakuwa na mwisho mmoja. Baadhi hawakuugua tena. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha taarifa ya wagonjwa waliopata dozi moja au mbili tu na kubaki wazima kwa muda mrefu. Kwa wengine uvimbe ulirudi na kuwaua. Siku ya kutoka hospitali watoto hao wote walifanana: taya zimetulia, tumbo limelainika, eksirei haina cha kuonyesha. Hapakuwa na kipimo cha kumtenga aliyepona kabisa na aliyeondoka na mabaki.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata, kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dk John Ziegler kutoka Marekani na wenzake wa Uganda waliwafuatilia watoto hao kwa muda mrefu. Waliona kwamba ugonjwa unaporudi, mara nyingi hurudi mapema, katika miezi ya mwanzo. Waliona pia kwamba kuna mahali unapopenda kujificha: kwenye ubongo, utando wake na uti wa mgongo. Dawa nyingi zinazopitia kwenye mshipa haziingii vizuri huko. Ndiyo sababu mtoto wako anachomwa sindano ya mgongoni hata kama kichwa hakimuumi. Sindano hiyo hutoa maji kidogo kwa ajili ya kupimwa, na kwa njia hiyohiyo dawa huingizwa mahali ambapo dripu haifiki.

Hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuifanya

Uvimbe wenye upana wa sentimita moja, karibu sawa na punje ya mahindi, unakadiriwa kuwa na seli kama bilioni moja. Tuseme dawa imefanya kazi nzuri sana, imeua seli 999 katika kila 1,000. Zimebaki ngapi? Milioni moja. Seli milioni moja zikikusanywa pamoja ni kitu cha ukubwa wa milimita moja, na kwa kawaida hazikai pamoja, zimetawanyika. Hakuna picha ya hospitali inayoweza kuziona.

Limfoma ya Burkitt ni moja ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kutoka milioni moja hadi bilioni moja ni kuongezeka mara mbili kwa awamu 10 tu. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa picha leo akaonekana safi anaweza kuwa na uvimbe unaoshikika ndani ya wiki mbili au tatu, na picha ile haikuwa na kosa. Ilionyesha kilichokuwa ndani ya uwezo wake.

Hesabu hii ni ya mfano, mwili hauendi kwa kikokotoo. Lakini inakuonyesha kwa nini dripu zinapangwa kwa tarehe na kwa nini kuchelewa kunaumiza. Dripu ya kwanza hupunguza. Ya pili hupunguza kilichobaki. Ya tatu hufuata mabaki ya mabaki. Ukiruka dripu moja, unazipa seli zilizobaki nafasi ya kuzaliana, na zinazozaliana ni zile zilizoweza kuihimili dawa.

Warina asali wa misitu ya miombo wanalijua jambo hili kwa njia yao. Moto wa porini ukizimwa, miali hupotea na mtu akasema umekwisha. Lakini kisiki kinaweza kufuka ndani kwa ndani bila kutoa hata moshi wa kuonekana, upepo ukivuma pori linawaka upya. Mwenye uzoefu haondoki kwa sababu miali imepotea. Hufukua visiki, humwaga maji, hungoja.

Kila kipimo na mpaka wake

Tuvipitie vipimo vyenyewe, ili ujue unaposikia majibu yako ni safi maana yake ni nini.

Eksirei, altrasaundi na picha ya CT huangalia umbo. Uvimbe mdogo kuliko nusu sentimita ni rahisi kuzipita, hasa tumboni. Picha hizo hukosea pia upande wa pili: donge lililobaki baada ya tiba linaweza kuwa kovu au nyama iliyokufa, lisiwe saratani hai. Kwa hiyo usifurahi kupita kiasi kwa picha safi, wala usikate tamaa kwa donge lililobaki kabla daktari hajalifuatilia.

Picha ya PET, ambayo haipatikani katika hospitali nyingi za kwetu, huonyesha mahali panapotumia sukari kwa wingi, kama saratani inavyofanya. Lakini sehemu yenye maambukizi, kwa mfano kifua kikuu, nayo huwaka. Na mabaki madogo sana hayawaki vya kutosha kuonekana.

Vipimo vya damu husaidia kufuatilia mwenendo. Kimeng'enya kinachoitwa LDH hupanda uvimbe unapokuwa mkubwa na hushuka tiba inapofanya kazi. Lakini malaria pia hukipandisha, hata damu iliyochukuliwa vibaya hukipandisha. Kikiwa cha kawaida, ni habari njema, si cheti cha kupona.

Kipimo cha uboho huchukua sehemu ndogo kutoka mfupa mmoja, kwa kawaida wa nyonga. Ni kama kuchota kikombe kimoja cha maji katika mto Ugalla ukitafuta samaki. Ukimpata, unajua wamo. Usipompata, hujathibitisha kwamba mto hauna samaki. Maji ya uti wa mgongo ni hivyohivyo: hupimwa kiasi kidogo tu.

Kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara kinaeleza habari za kinyama hicho. Hakielezi habari za sehemu ambayo haikukatwa.

Katika nchi zenye maabara kubwa, kuna vipimo vya vinasaba na vya kuhesabu seli moja moja vinavyoweza kukamata seli moja ya saratani katikati ya seli 10,000, na vingine hata zaidi ya hapo. Vinatumika hasa kwa saratani ya damu. Ni hatua kubwa, lakini navyo vina mpaka. Chini ya mpaka huo bado kuna kimya, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Daktari aliyefukuzwa kwa kutoridhika

Wakati Burkitt akiwa Kampala, Marekani kulikuwa na daktari mwingine aliyekutana na swali hilohilo. Aliitwa Min Chiu Li, mzaliwa wa China. Mwaka 1956, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, alianza kuwatibu kwa methotrekseti akina mama wenye saratani ya kondo la nyuma, ambayo huweza kufuata mimba zabibu, mimba iliyoharibika au hata uzazi wa kawaida. Uvimbe uliokuwa umesambaa hadi kwenye mapafu ulitoweka kwenye eksirei.

Saratani hiyo ina tabia moja: hutoa homoni ya ujauzito inayoweza kupimwa. Li aliona kwamba eksirei ikishakuwa safi, homoni bado ilikuwepo kidogo. Aliichukua kuwa ni ishara ya seli zilizobaki, akaendelea kutoa dawa hadi homoni ikatoweka kabisa. Wakubwa zake waliona anawatesa wagonjwa waliokwisha kupona, akalazimika kuondoka kazini. Muda ndio uliompa haki: wagonjwa waliotibiwa kwa njia yake walibaki wazima. Mwaka 1972, Li, Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa madaktari waliopewa Tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za tiba duniani, kwa kazi yao ya kutibu saratani kwa dawa.

Kwa mama msomaji, kisa hiki kinakuhusu moja kwa moja. Ukiwahi kusafishwa kwa ajili ya mimba zabibu, damu kukoma si mwisho. Rudi kupimwa homoni kwa miezi yote utakayoelekezwa, na subiri kushika mimba nyingine hadi daktari akuruhusu, kwa kuwa mimba mpya hupandisha homoni hiyohiyo na kukificha kipimo.

Muda nao ni kipimo

Sasa unaweza kuelewa kwa nini daktari wako husema hakuna dalili ya ugonjwa, na hasemi amepona. Hakufichi kitu. Anataja alichoweza kukiona.

Palipoishia uwezo wa mashine, muda huchukua nafasi. Kwa limfoma ya Burkitt, kwa sababu inakua haraka, ikiwa itarudi kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto anayemaliza tiba na kupita miaka miwili bila ugonjwa kurudi, madaktari humhesabu kuwa amepona, na wapo wengi wa namna hiyo. Saratani nyingine zina kalenda yake. Ya matiti, kwa mfano, inaweza kunyamaza miaka mingi kabla ya kurudi. Ndiyo maana ratiba ya kliniki ya jirani yako haiwezi kuwa yako.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, maliza dozi zote hata kama mtoto anaonekana mzima. Hili ndilo kubwa kuliko yote katika makala haya. Kama nauli au gharama zimekushinda, usiondoke kimyakimya. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, eleza hali yako kabla ya tarehe ya dripu kupita.

Pili, uliza maswali manne: kipimo hiki kinaangalia nini, hakiwezi kuona nini, kikiwa safi tunafanya nini, na kikionyesha kitu tutathibitishaje? Una haki ya kuuliza, na daktari mwema hachukii.

Tatu, zijue dalili za kurudi kwa ugonjwa: uvimbe mpya wa taya, shingo au tumbo, jino kulegea bila sababu, kichwa kuuma na kutapika, kope kulegea, uso kupinda upande au kuona vitu viwiliviwili, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa. Ukiona mojawapo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali iliyo karibu, Mpanda au popote, na uwaombe wawasiliane na hospitali iliyomtibu mtoto. Homa nayo wakati wa tiba ni dharura, kwa sababu dawa hushusha kinga. Usiichukulie kuwa ni malaria tu ukanunua vidonge dukani.

Nne, tunza faili. Majina ya dawa, tarehe za dripu, picha na majibu ya maabara viweke kwenye mfuko mmoja usioingia maji. Daktari anayefuata hulinganisha picha ya leo na ya jana, na bila ya jana, ya leo ina nusu ya maana yake.

Tano, jihadhari na anayekuahidi kipimo kimoja kinachoona saratani yote mwilini, awe na mashine au awe na kibuyu. Kipimo hicho hakipo. Pesa ya ng'ombe wako ni bora iende kwenye nauli ya dripu inayofuata.

Dk Burkitt, baada ya kuondoka Afrika, aliendelea kupigania jambo lingine ambalo huenda umelisikia kwenye safu za afya: umuhimu wa vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama unga wa dona, maharage na mboga za majani. Alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuacha mashine yoyote yenye jina lake. Aliacha ramani, mafaili na utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa baada ya kutoka wodini, kwa sababu alijua kwamba habari muhimu kuliko zote hupatikana siku ambayo mtoto anarudi kuangaliwa, akiwa hana anachoumwa.

Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya mwanao ihesabu kuwa ni kipimo kamili kama vilivyo vingine. Tofauti ni kwamba hiki hakifanyiki usipofika.